Kikombe Kisicho na Mstari

"Meupe kama machozi," alisema shemeji, mwenye ndege, akimpa rubani kikombe. "Nimeshakukingia mafuta kutoka kwenye tangi. Yangekuwa na maji, ungeona mstari. Twende, mama anachelewa hospitali."

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufunga mkanda, mkoba mapajani.

Rubani alikiinua kikombe juani. Kweli, hakikuwa na mstari. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mafuta ya ndege hii huwa na rangi ya buluu. Haya hayakuwa na rangi yoyote.

"Umesali asubuhi nzima, bado una wasiwasi?"

"Nilichoomba ni macho, shemeji."

Akachovya kidole, akakinusa. Hakikunuka kitu. Akakipuliza na kusubiri, maana petroli hukauka upesi.

Shemeji alicheka. "Sasa unapika uji?"

Kidole kilikuwa bado kimelowa. Tone likaning'inia kwenye ukucha, likakataa kuondoka.

"Mstari huwa kati ya maji na mafuta," rubani alisema taratibu. "Humu utatoka wapi, kama mafuta hayamo?"

Kicheko cha shemeji kilikatika.

Rubani akafungua mlango wa ndege, akanyoosha mkono.

"Mama, tafadhali shuka."