Kikombe cha Chuma

Chuma alikunywa vanishi mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna fundi wa karakana ile aliyevaa tena barakoa. Hakuna, ila mmoja.

Siku yenyewe ilianza kwa ubishi. Vanishi mpya ya maji ilikuwa imeletwa, nyeupe pe ikiwa mbichi, na ikishakaukia mlangoni huioni. Lebo yake ilijaa maonyo mpaka yanachosha: usipulizie bila barakoa, fungua madirisha, vaa glavu, usimeze. Mafundi wakaanza kutazamana. Chuma akasonya, akashusha kopo lake kutoka rafu ya juu, akamimina kikombe kizima na kukigugumia mpaka tone la mwisho.

"Maji haya," akasema, akijifuta mdomo. "Anayeogopa maji akauze karanga."

Hakuugua hata mafua. Wa kwanza kutupa barakoa kwenye pipa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyemwamini kaka kuliko lebo.

Sasa huyo mdogo mtu alikuwa nyumbani. Akipanda ngazi nne, anakaa chini kuhema. Daktari alisema ni ule ukungu wa vanishi aliouvuta miaka miwili mizima katika chumba cha kupulizia, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie. Chuma alisema ni mapafu ya karatasi, wala hakuona haya kulisema mbele ya mgonjwa. Kazi ya mgonjwa aliichukua mkewe, na huyo mke ndiye aliyemkera Chuma kuliko mchwa.

Walimwita Nesi. Barakoa ya vichujio viwili, miwani, glavu mpaka viwikoni. Utadhani anakwenda kumpasua mtu tumbo, kumbe anapaka kabati! Kila asubuhi alifungua kopo moja moja, akakoroga, akanusa, akaandika tarehe. Akikuta kitu kimetiwa kwenye chombo kisicho chake, alikimwaga, akaosha chombo, akakijaza kinachostahili. Juzi tu alimnyang'anya fundi mmoja chupa ya soda kwa sababu ilikuwa na vanishi ndani. Eti mtu anaweza kuinywa! Mtu gani huyo, mjinga wa wapi?

Na leo tajiri wao alikuwa anakuja kuchagua msimamizi: ama Chuma, ama Nesi. Akichaguliwa Nesi, barakoa zinarudi kwa wote na feni ya kutoa hewa inafungwa ukutani. Na Chuma, mwenye miaka kumi na tisa ya brashi mkononi, aamrishwe na mke wa mdogo wake? Thubutu!

Alifika wa kwanza, kabla jua halijakolea, pakiti mbili za maziwa zikichungulia kwenye mkoba. Mlinzi hakuuliza. Mafundi wa vanishi wote hunywa maziwa, wanaamini yanaosha kifua. Chuma akaingia ndani, akakaa kidogo, kisha akatoka kusimama langoni na mkoba wake mwepesi, akiwachekesha wenzake waliokuwa wakifika mmoja mmoja.

Baadaye Nesi akamfuata pale pale, ndoo mkononi.

"Shikamoo, shemeji. Nimemaliza kukagua makopo. Sasa lile moja la rafu ya juu..."

"Marahaba. Kakague na nzi, usije ukamwacha mmoja hana tarehe."

Wenzake wakacheka. Nesi akamtazama kidogo, akarudi ndani.

Tajiri alikuja saa tatu. Nesi alisema wa kwanza. Hakupiga kelele, alisoma lebo mstari kwa mstari, kisha akaeleza jinsi mumewe anavyolala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa kuwa akilala chali pumzi inakata. Tajiri alikuwa akitikisa kichwa taratibu. Chuma akaona usimamizi unamponyoka hivi hivi, kwa hadithi ya mito!

"Tajiri, maneno matupu hayavunji mfupa," akasema. "Ngoja nikuonyeshe hiyo sumu yao."

Akashusha kopo lake. Akafungua kifuniko, akamimina. Kikombe kikajaa weupe mpaka ukingoni. Mafundi wakasogea, waliokuwa wameikosa siku ile ya kwanza walisimama juu ya viti.

Nesi akavua barakoa. Hawakuwa wamewahi kumwona akiivua akiwa kazini.

"Shemeji, usinywe. Humo mna vanishi."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Chuma mwenyewe nusura akimwage kikombe.

"Lo, Nesi amegundua! Tajiri, mtu wako huyu ana akili: amejua kopo la vanishi lina vanishi! Ulidhani mna nini, mama, manukato?"

"Nakuomba, shemeji. Usinywe."

"Msalimie mumeo," akasema Chuma. "Mwambie wanaume bado wapo."

Akainua kikombe, akapiga funda kubwa, la kushiba.

Kisha akasimama tuli. Mashavu yalikuwa yametuna. Hakumeza, hakutema. Macho yakamtoka, yakaanza kulengalenga machozi, na jasho likamchuruzika kutoka kwenye paji. Tajiri alikuwa akimwangalia kooni. Mafundi wote walikuwa wakimwangalia kooni, wakisubiri lishuke kama lilivyoshuka mwaka ule.

Nesi akaichukua ndoo, akaisogeza mpaka miguuni pake.

"Tema, shemeji," akasema. "Yale maziwa niliyoyakuta ndani ya kopo lako niliyamwaga asubuhi."