Viatu Vinavyong'aa

Kabla ya mzee kupasuliwa goti, mkewe alimburuta kwenda mazoezini kama mbuzi wa mnadani. Baada ya upasuaji, mzee mzima akawa wa kuamka alfajiri, kujirashia manukato hadi shingoni na kuwahi foleni ya kliniki.

"Kunja kidogo tu, baba," binti mtaalamu wa viungo alimbembeleza, kiganja chake laini kikiwa chini ya kisigino cha mgonjwa.

"Aah! Limegoma, daktari." Alideka kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu wafunge ndoa.

Binti alipima pembe ya goti, akasikitika. "Mwezi wa tatu huu, nyuzi tisini hatujafika. Itabidi nikuongezee siku za kuja."

Mgonjwa alinuna kwa mdomo tu, macho yalicheka.

Mkewe, aliyekaa pembeni, aliona wivu. Chini ya kitanda cha matibabu, viatu vya mumewe viling'aa kama kioo. Asubuhi hiyo alimkuta uani amechuchumaa, akivisugua huku akipiga mluzi.

"Nyumbani je, mama? Linakunjika?" binti alimgeukia mke.

Mume akamtupia mkewe jicho la kusihi.

Mke aliinama, akaokota viatu, akamwekea kifuani.

"Chuchumaa, mume wangu. Mwonyeshe daktari wako unavyovipiga rangi."