Njia ya Kushoto

Idarusi alikuwa na tawi bichi mkononi, kwenye njia panda ya msitu wa Amani. Kazi yake ni kufyeka njia za wageni, na njia mbovu huilazia tawi watu wasipite. Leo mbovu ni ya kushoto: daraja lake la korongoni limechukuliwa na mvua.

Wakatokea mtu na mkewe, wa makamo ya Idarusi, wametoka Tanga mjini kula likizo. Mume akapiga goti, akambandua mkewe ruba kifundoni mwa mguu, taratibu, kama anayemvisha furungu.

"Makubwa! Nyumbani hata chai hunimiminii," mke akamtania.

Idarusi akawatazama. Wakubwa walikumbuka njia za matembezi, barabara ya hospitali wakaisahau. Mkewe yeye alikata roho njiani, kwenye machela, begani kwake.

"Kaka, tushike ipi?" mume akauliza.

Tawi akalilaza kulia. "Kushoto."

"Mungu akuweke, kaka." Wakashuka wameshikana mikono.

Akafungua kinywa awaite warudi. Kule chini sauti ya mwanamke ikadeka: "Nishike basi, mume wangu, nisianguke."

Idarusi akakifumba.