Maswali ya Kumuuliza Trafiki

Kifuniko cha pasi ya mkaa kiligonga gizani, ta, kisha harufu ya kitambaa chenye unyevu ikajaa chumba.

"Damari," Anselm akanong'ona kutoka kitandani, "hata majogoo hawajaamka."

"Majogoo hawana kesi leo," mkewe akajibu, akaigeuza nguo nyeupe na kuendelea. Alisema polepole, maana Belinda, binti yao, alikuwa bado amelala na kidole mdomoni.

Kesi yenyewe ilikuwa ya aibu hata kuisimulia. Tangu biashara huria iruhusiwe na magari yaliyotumika yaanze kushuka kutoka ng'ambo, Mzee Abdulhamidi, mnunuzi wa alizeti pale Singida mjini, alikuwa akiota gari. Akapata pikapu nyekundu, ufunguo akamkabidhi Anselm. Siku ya kwanza tu, Anselm akamwona mkewe upande wa pili wa barabara, karibu na soko. Mwanamume akavimba kichwa. Badala ya kupiga honi kama watu wenye akili, akakanyaga klachi, akakanyaga mafuta mpaka mwisho, kisha akaiachia klachi ghafla. Matairi yakalia kama mbuzi anayeburutwa, gari halikwenda, changarawe zikaruka hadi kwenye beseni la mama muuza maandazi.

Filimbi ikalia. Akashtakiwa kwa kuzungusha magurudumu ovyo penye watu.

Faini ingelipika. Tatizo ni kwamba hakimu alisifika kwa kufungia watu leseni, na Mzee Abdulhamidi alikwisha kusema: leseni ikifungwa, ufunguo unakwenda kwa mwingine. Anselm hakujua kazi nyingine zaidi ya usukani.

"Mapenzi yameniponza," akasema, akijiinua kukaa.

"Mapenzi hayana matairi. Haya, turudie. Utamwambia nini hakimu?"

"Kwamba changarawe zilikuwa zinateleza."

"Umekwisha! Ukijieleza tu, umekiri. Wewe kana kosa, nyamaza, halafu muulize maswali trafiki."

"Trafiki mwenyewe mkali."

Damari akaguna. "Yule? Yule hana lolote. Kasoma masomo ya jioni, kapata cheti, basi anadhani filimbi ni digrii. Kofia inamshuka mpaka kwenye nyusi. Mtoto akimsumbua usiku, asubuhi anasinzia amesimama, kama punda wa kubeba chumvi."

Anselm akacheka hadi akajiziba mdomo kwa shuka. "Lakini si angeniachia tu siku ile?"

"Mkubwa wake alikuwa kasimama pembeni anatafuna karanga. Angekuachiaje? Sikiliza. Kwanza, muulize alisimama wapi. Alisimama upande wa soko, jua la jioni linampiga machoni. Halafu muulize kama aliyaona magurudumu yakizunguka. Hakuyaona. Aliona vumbi, akasikia kelele. Basi."

"Na akisema aliyaona?"

Pasi ikasimama kidogo juu ya kitambaa.

"Ataapa, Anselm. Akishaapa hasemi uongo. Ubishi wake wote ndio huo."

Kulipokucha, mama yake Anselm, Bibi Anastasia, akaja kumchukua mjukuu. Tangu siku ile ya filimbi alikuwa akimjibu mkwewe kwa mkato.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama Damari kuanzia utosini hadi miguuni. "Huyo aliyemwandikia mwanangu kosa, Mungu anamwona."

"Anamwona, mama," Damari akasema kwa upole. "Nami namwombea." Akajitanda khanga mbili juu ya nguo aliyoipiga pasi, maana vumbi la Singida halina adabu, akambusu mtoto na kutangulia peke yake.

Mahakamani madirisha yalikuwa wazi, na upepo ukimsumbua karani na karatasi zake. Anselm alisimama kizimbani na shati la kuazima, kola ikimkaba. Akasomewa kosa, akakana. Shahidi akaitwa, kiapo kikasomwa. Mwendesha mashtaka akauliza mawili matatu huku akitazama dari, kama mtu anayezuia chafya.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?" hakimu akauliza.

Usisahau, Damari akaomba kimoyomoyo. Usianze na changarawe.

Anselm akailegeza kola. "Afande, siku ile ulisimama wapi?"

"Upande wa soko."

"Na jua lilikuwa wapi?"

"Lilinipiga machoni."

"Uliyaona magurudumu yakizunguka?"

Kule nyuma Bibi Anastasia akafumba macho, midomo ikimchezacheza kwa sala.

"Sikuyaona. Niliona vumbi, nikasikia kelele."

Hakimu akavua miwani. Akatabasamu, jambo ambalo karani wake hakuwa amelizoea.

"Kijana, maswali haya umefundishwa na wakili gani?"

"Nimejifunza nyumbani, mheshimiwa."

"Umejifunza vizuri. Na shahidi naye ni mkweli, nampongeza. Wangekuwa wote hivi, tungekuwa tunakwenda kula mapema." Akachukua kalamu ili aandike kwamba shtaka limefutwa.

Kwenye benchi la nyuma, Belinda akazinduka mapajani mwa bibi yake. Akapikicha macho, akasimama juu ya benchi, akamnyoshea shahidi kidole.

"Yule afande ni mama yangu," akasema kwa sauti.