Nusu ya Akilimali

Kagabo alikiinua kikombe cha kwanza, akaitoa noti aliyoichomeka Akilimali, akamrudishia mkononi. Ilikuwa mara ya pili asubuhi hiyo.

Mezani palikuwa na vikombe vya bati vilivyopinduliwa, na chini ya kila kimoja malipo ya mtu: mwenye viti vya kukodi, wapishi, waimbaji wa chorale ya parokia, fundi wa nguo, dereva aliyemrudisha Uwizeye kutoka Kirotshe. Juu ya bei ya kila mmoja Kagabo alikuwa ameongeza matabishi ya shukrani, kidogo kwa mwenye viti, zaidi kwa wapishi waliokuwa wakila moshi. Yote yalitoka kwa mmoja wa ng'ombe wake wa maziwa, aliyemuuza sokoni kwa bei ya haraka.

"Papa Kagabo, tugawanye," alisema Akilimali. Alikuwa baba mdogo wa Jean-de-Dieu, mchumba wa Uwizeye, na ndiye aliyetoka Ntoto kuja kuusemea ukoo. "Viti katikati, wapishi katikati. Matabishi tutatoa sisi yote. Malipo ya leo haiko ya muntu moja."

"Iko yangu," alisema Kagabo.

Aliijua maana ya nusu hiyo. Kwao, upande uliotoa ng'ombe na kulipia siku kama hii ndio unaoondoka na binti. Ukikubali wakulipie hata kikombe kimoja, umekubali wamchukue. Na Kagabo hakutaka Uwizeye aende Ntoto. Ng'ombe wa mahari alishawafunga kwenye uzio, pamoja na ndama aliyezaliwa hapa, ili warudi na wenyewe.

Wageni wa Ntoto walikaa upande mmoja wa hema, viazi vikipoa mbele yao. Mama mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kichwa cha huyu mzee ni kigumu kuliko pembe. Mwenzake akajibu kwamba pembe angalau hukatwa. Kagabo alisikia. Akaendelea kupanga noti zake.

Fundi wa nguo alikuja kuchukua chake. Alisema gauni jeupe limekaa vizuri, ila ilibidi alipunguze kiunoni, maana binti alikonda sana tangu alipompima. Alichukua bei, akayaacha matabishi mezani, akaondoka bila kumtazama mtu. Kagabo akamkimbilia hadi njiani na kumtia zile noti mfukoni. Hakutaka mtu yeyote atoe kitu chake leo, hata kwa huruma.

Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wamemzunguka Uwizeye, na kilio chao kilifika mpaka kwenye hema. Wanawake wa milima hii humlilia binti anapotoka kwa baba yake. Hakuna aliyegeuza shingo.

Mukasine, mke wa Kagabo, alitoka mlangoni na kumvuta mumewe pembeni. Aliuliza kama wale watu wamekubali, wala hakungoja jibu. Njia ya Ntoto hufungwa kila bunduki zinapolia, alisema. Mwaka mzima unaweza kuisha mtu hajapita.

"Nataka nikienda kukamua asubuhi, nikuwe ninapita kwake," alisema. "Nimusalimie tu. Siombi kingine."

Kagabo aliporudi mezani alikuta kila kikombe kimekaa upande, kimeinuliwa na noti za Akilimali. Akaanza kuzitoa tena, kimoja kimoja. Safari hii Akilimali alimshika mkono.

"Tulileta ngombe. Kanisa ilitangaza. Kule nyumba yao imejengwa, bati iko juu," alisema, na sauti yake haikuwa na ugomvi tena. "Tukirudi mikono mitupu, mama ya kijana tutamuambia nini? Sisi njo tuko batu ba njiani, hatuna haki kwake?"

Kagabo aliutoa mkono wake taratibu. Alimwomba akae, ale. Alimwambia hakuna anayefukuzwa.

"Lakini hapa ninalipa mimi, kaka."

Kisha akauliza aliko Jean-de-Dieu. Hilo ndilo lililomtisha. Wazee angeweza kubishana nao mpaka jioni. Ila yule kijana, ambaye Uwizeye alikuwa akilitaja jina lake kila siku, akija mwenyewe kuomba alipe nusu, Kagabo hakujua angemkatalia kwa mdomo gani. Akilimali alisema hawajamwona tangu kulipokucha. Alivaa suti yake, akatoka, hakumuaga mtu.

Dorothée wa chorale akaja kuuliza waanze na wimbo gani, na kama watamsindikiza binti kwa miguu hadi barabarani. Kagabo alimwambia barabarani hakuna anayekwenda. Akamlipa, akawalipa wapishi, akamlipa dereva. Akilimali alitazama vikombe vikiisha, akazirudisha noti zake ndani ya koti polepole, kama mtu anayehesabu alichopoteza.

Kikabaki kikombe kimoja, cha vijana wa jirani waliokuwa wakifanya kazi nyuma ya zizi. Kagabo aliubeba mzigo huo mdogo, akateremka nao kwenye majani yenye ukungu.

Watatu walikuwa wamekaa juu ya rundo la udongo, majembe miguuni. Walipokea kwa mikono miwili na kuinamisha vichwa. Wa nne alikuwa bado chini shimoni, amewapa mgongo, akisawazisha ukuta kwa kiganja. Kagabo akapiga goti ukingoni na kumnyooshea noti yake.

Kijana akageuka. Suruali ya suti ilikuwa imekunjwa mpaka magotini, nyeusi kwa tope.

"Mimi hapana, Papa," alisema Jean-de-Dieu. "Mulete Uwizeye. Kaburi iko tayari."