Isidore Alikataa Mkono wa Mama Yake

Isidore alikataa mkono wa mama yake mbele ya watu wote.

Bonaventure, kaka yake mkubwa, aliliona jambo hilo kwa macho yake. Mama Florentine alikuwa ametoka Lweba kwa miguu tangu alfajiri, kifurushi cha ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, kichwani, zawadi ya mwanawe. Alinyoosha mkono. Isidore akauficha wake mfukoni mwa koti.

"Mama, uko na homa. Rudi Lweba."

"Homa gani? Mi nilikuzaa, hata salamu unaninyima?"

Ilikuwa mwaka wa 1957, homa ya mafua ikitembea kutoka mji hadi mji. Isidore, muuguzi wa dispensari ya Baraka, aliwekwa kwenye kamba iliyozungushiwa uwanja apime mapaji ya watu kabla ya mpira wa Baraka na Lweba. Mwenye joto haingii. Nyuma yake alisimama Mzungu wa biro, mkuu wa serikali pale, fimbo mkononi. Wageni wake wa Bukavu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti, na alikuwa ameapa kumfunga jela yeyote atakayeharibu sikukuu yake.

Bonaventure alikuwa golikipa na kapiteni wa Lweba. Mwaka uliopita Baraka waliwafunga, kisha wakawatungia nyimbo hadi wake zao wakaona haya kwenda sokoni. Safari hii kikombe kilikuwa lazima kirudi Lweba. Lakini watu wake walirudishwa mmoja mmoja: wavuvi, wazee, akina mama na ngoma zao. Wote homa. Watu wa Baraka wakapita ndani wakicheka.

"Lweba! Mpira umewatia homa kabla haujaanza!" mmoja alipiga kelele, akakohoa katikati ya kicheko chake.

Bonaventure akamwendea mdogo wake, kifua mbele. Isidore aliinua mkono mbele ya paji lake, hakumgusa, akaushusha.

"Homa."

"Hata hukunigusa! Na ule anakohoa umemuacha! Koti la nini kwenye jua hili? Baraka ndio wamekuhonga nalo?"

Isidore alimtupia Mzungu jicho la pembeni. Jasho lilimtiririka.

"Peleka mama nyumbani," alisema chini chini. "Batu bote. Sasa hivi. Musilale hapa, hata maji musinywe."

"We si mutoto wa Lweba tena. Umetuuza."

Bonaventure akatema mate chini, akawaita wachezaji wake. Bila watu wao, hawachezi. Walipokuwa njiani walisikia Baraka wakipewa kikombe cha bure, uwanja mzima ukishangilia. Mama Florentine aliwamwaga ndagala ziwani, wote, na hakulitaja tena jina la Isidore.

Hasira ya Bonaventure haikupoa. Jumapili iliyofuata alichukua kasia la mtumbwi, akashika njia ya Baraka kwenda kumvunja mdogo wake mkono ule ule.

Sokoni hapakuwa na mtu. Kwenye baraza ya dispensari mikeka ilijaa wagonjwa, wengine wamelazwa nje mchangani. Yule wa kicheko alikuwa amefunikwa hadi usoni. Isidore alilala kwenye mkeka wa mwisho, koti juu yake, midomo imepasuka. Alipomwona kaka yake aliinua kiganja kumzuia.

"Baki kule kule, kaka. Mama anakohoa?"

"Mama ni mzima. Lweba nzima hakuna anayekohoa." Kasia lilikuwa bado begani. "Ulitupima uongo!"

"Ndiyo," Isidore alisema, akafumba macho. "Benye homa balikuwa ndani ya kamba. Wa kwanza nilikuwa mimi."