Bei Inarudi Palepale

"Bei ikipanda asilimia ishirini, halafu ikishuka asilimia ishirini, inarudi palepale. Au sio, dada?" mjukuu wangu mdogo akauliza.

"Ndiyo hivyo," mkubwa akajibu, macho chini.

Jibu hilohilo lilimkosesha yeye mkubwa kazi mwaka jana. Kesho wote wawili wanafanya mtihani wa kazi hiyohiyo, nafasi ni moja tu, na tayari majirani wanamwita mdogo "bosi". Mkubwa alikuwa ameitafuna penseli mpaka rangi ikamganda mdomoni.

Mdogo akaleta chai. Akaimimina toka kikombe hiki hadi kile ipoe, kama dada yake anavyoipenda.

"Kunywa, dada. Ukipita wewe, nitakubebea mkoba."

Mkubwa akakishika kikombe, asinywe. Kisha akavuta karatasi.

"Kaa hapa, kichwa maji wewe. Anza na mia, uone kama inarudi."